Muulize Fundi: Lebo Zinahama, Nifanyeje?

Haya wapendwa, safari hii nimeamua kuyaweka pamoja maswali ya lebo maana yamekuwa mengi, na mengi yanaanza kwa maneno yaleyale, "fundi lebo zinahama", basi, mtu kamaliza. Sasa zinahama vipi? Zote zimesogea sawasawa, au juu ziko poa chini ndo zimeharibika, au kila karatasi inatoka na mambo yake? Hayo ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake, ukichanganya unamaliza boksi zima la stika bure na stika siku hizi si bei ya kuchezea. Kwa hiyo kabla hujagusa setingi yoyote chukua karatasi nyeupe ya kawaida, printi juu yake, ilaze juu ya karatasi ya stika, nyanyua zote mbili kwenye dirisha au mbele ya tochi ya simu, halafu angalia mstari wa kwanza na mstari wa mwisho. Hiyo ndo ya kwanza. Tuingie kwenye barua.

Juu sawa, chini zinakatwa

*Shikamoo fundi. Mi nauza asali hapa Tabora, lebo nimetengeneza mwenyewe kwenye Word, zile karatasi za A4 zenye stika 21. Kwenye laptop zinaonekana zimekaa vizuri kabisa. Nikimtumia kijana wa steshenari kwa WhatsApp aniprintie, mstari wa kwanza unakaa, wa pili unakaa, kuanzia wa nne jina la asali linaanza kupanda juu, la mwisho kabisa limekatwa katikati. Kijana anasema faili langu bovu, mi nasema mashine yake bovu. Nani mkweli? — Muuza asali, Tabora*

Marahaba mama. Faili lako zima na mashine yake nzima, ila hapo katikati kuna mahali ukurasa unapunguzwa ukubwa na hakuna aliyeomba upunguzwe.

Angalia hesabu. Hiyo karatasi ya stika 21 kwa kawaida kila stika ina upana wa milimita 63.5 na urefu wa 38.1, kolamu 3, mistari 7. Zidisha 38.1 mara 7 unapata 266.7, karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo inabaki 30.3, nusu inakaa juu nusu inakaa chini, kama 15 na kidogo kila upande. Stika zenyewe zimegusana juu na chini, hakuna nafasi ya kujificha hapo. Sasa kijana akifungua PDF yako akabonyeza printi harakaharaka kwa sababu foleni ni ndefu, mara nyingi kompyuta imeshajichagulia "Fit", yaani ibane ukurasa uingie ndani ya eneo ambalo printa inaweza kulifikia. Inabana kidogo tu, tuseme asilimia 97. Lebo yako ya 38.1 inatoka milimita 37 hivi. Mstari wa kwanza huoni kitu maana kasoro ni milimita moja na ushee, ila mstari wa pili unachukua kasoro ya kwanza unaongeza ya kwake, wa tatu hivyohivyo, mpaka unafika wa saba maandishi yameshapanda karibu milimita 7. Ndo maana unaona ya juu iko sawa ya chini imekatwa, na ndo maana kusogeza kwa kubonyeza Enter na spesi haikusaidii kitu, ukiirekebisha ya mwisho umeiharibu ya kwanza.

Mwambie kijana, kwa upole tu maana utamhitaji tena, kwenye dirisha la kuprinti achague "Actual size" au aandike 100. Na kama anaprinti kutoka Word yenyewe basi pale chini kwenye "1 page per sheet" kuna "Scale to Paper Size", iwe "No Scaling". Printa nyingine zina setingi yao wenyewe ya kubana ukurasa imejificha ndani ya properties, kwa hiyo unaweza kuwa umezima huku kule inaendelea, asipoangalia zote mbili mtarudi palepale.

Ukitaka kumaliza ubishi kabisa, chora mstari kwenye Word, nenda kwenye umbo lake andika urefu sentimita 10 kamili, aprinti kwenye karatasi ya kawaida halafu pimeni kwa rula mbele ya wote wawili. Ikitoka 9.7 mmejua ni nini. Ikitoka 10 kamili na bado lebo zinahama basi hapo ndo turudi kwenye faili lako.

Kitu kingine, faili la Word usimtumie kama lilivyo. Likifunguka kwenye kompyuta ambayo haina fonti uliyotumia, Word inaweka fonti nyingine ya kufanana nayo, nene kidogo au pana kidogo, neno linashuka mstari wa pili na kila kitu kinasukumana. Geuza PDF kwanza, na WhatsApp tuma kama dokumenti usitume kama picha. Kama lazima awe na Word ili abadilishe tarehe au uzito, basi kwenye Options, upande wa Save, weka tiki kwenye "Embed fonts in the file" ndo utume.

Houston zinakaa, Mombasa vituko

*Hujambo fundi. Niko Houston, dada yangu yuko Mombasa anauza achari ya embe. Kwa kuwa mimi ndiye najua kompyuta, namtengenezea lebo huku kwa zile templeti za Word za lebo 30, naprinti moja ya majaribio hapa inakaa kama ilivyo, namtumia. Kule hata moja haikai, na yeye anasema karatasi yake ina stika 24 tu, nikamwambia atafute yenye 30, kazunguka mji mzima hakupata. — Mpenda achari, Texas*

Mwache dada wa watu apumzike, hata angezunguka mpaka Malindi. Huko Marekani mnatumia karatasi ya Letter, upana milimita 215.9 na urefu 279.4, sisi huku ni A4, 210 kwa 297. Yaani ya kwenu pana zaidi ya ya kwetu kwa karibu milimita 6 lakini fupi kwa karibu 18. Templeti unayotumia bila shaka ni ile ya namba 5160 ya Avery, kampuni ya kutengeneza lebo, lebo za inchi 1 kwa inchi 2 na tano juu ya nane, kolamu 3 mistari 10, imekatwa kwa ajili ya Letter. Hakuna kubana wala kuvuta kutakakoifanya ikae kwenye A4, maana ni karatasi mbili tofauti zilizokatwa kwa visu tofauti.

Kwa hiyo geuza mpango. Dada apige picha boksi la stika zake, hasa ile namba iliyoandikwa kwenye kona. Wewe kwenye Word nenda Mailings, bonyeza Labels, halafu Options, pale kwenye orodha ya watengenezaji chagua "Avery A4/A5" utafute namba hiyo. Hata kama boksi lake si la Avery mara nyingi limeandikwa linalingana na namba gani ya Avery, maana hao ndio walioanza zamani, R. Stanton Avery alianza na lebo za kujigandisha Los Angeles mwaka 1935, na wengi waliokuja baadaye wakaona bora wafuate vipimo vyake kuliko kumsumbua mteja.

Halafu kuna setingi moja ya Word ambayo ni kwa ajili ya watu kama nyie mnaotumiana mafaili kuvuka bahari. File, Options, Advanced, shuka mpaka sehemu ya Print, utaona "Scale content for A4 or 8.5 x 11" paper sizes". Imewashwa toka mwanzo na nia yake nzuri, barua ya Letter iingie kwenye A4 bila mtu kusumbuka. Kwa barua ni sawa. Kwa lebo ni balaa maana inabana kimyakimya bila kukuuliza. Ondoa tiki, na dada naye kule aondoe.

Majina marefu yanasukuma wenzake

*Fundi salama? Mimi ni sekretari wa shule ya msingi huku Nakuru. Tuko na stika za kubandika kwa vitabu, jina la mtoto, darasa na admission namba. Majina yako kwa Excel. Nikiunganisha na Word mtoto mwenye jina fupi anakaa sawa, lakini mwenye majina matatu marefu anashuka chini na wote wenye wanamfuata wanashuka pia, mwisho wa ukurasa ni vurugu tupu. Alafu jana nimejaribu kutengeneza upya, sasa kila stika inaandika mtoto mmoja tu, yule wa kwanza. Nisaidie kabla shule ifunguliwe. — Sekretari, Nakuru*

Salama sana dada. Tuanze na hilo la pili ni dogo. Ukishaandika jina na darasa kwenye stika ya kwanza lazima ubonyeze "Update Labels" kule kwenye Mailings, ndo Word inanakili kwenda stika nyingine na kuweka kile kineno cha «Next Record» mwanzoni mwa kila stika isipokuwa ya kwanza, kinachoiambia ivuke kwa mtoto anayefuata. Kikifutika kwa bahati mbaya, au ukinakili mwenyewe kwa mausi, kila stika inabaki kwa mtoto yuleyule. Wengi wanakiona wanadhani ni takataka wanakifuta. Usikiguse.

Sasa hilo la kusukumana. Karatasi ya lebo kwenye Word ni jedwali tu, tebo kama tebo nyingine, mistari yake imefichwa. Kwanza ifichue, bonyeza ndani ya tebo, nenda Layout, "View Gridlines", uone unafanya kazi na nini. Chagua tebo yote, bonyeza kulia, Table Properties, kwenye Row utaona urefu wa mstari. Mimi naamini kwako imeandikwa "At least", yaani usipungue hapo lakini ukitaka kukua ukue. Word ikitengeneza lebo yenyewe inaweka "Exactly", kwa hiyo nahisi hiyo tebo ulichora kwa mkono au ulirithi kwa sekretari aliyekutangulia. Weka "Exactly" na kipimo cha stika yako, kama ni zile za 21 andika sentimita 3.81. Halafu kwenye Table, Options, ondoa tiki ya "Automatically resize to fit contents", la sivyo kolamu nazo zitaanza kupanuka zikiona jina refu.

Ukishafanya hivyo hakuna mstari utakaosukuma mwenzake tena. Ila sasa majina marefu yatakatwa badala ya kusukuma, na hapo ndo pa kutumia akili kidogo. Kwa nini hayaenei? Watu wanakimbilia kupunguza fonti, fonti 11, 9, 7, mpaka mtoto anahitaji miwani kusoma jina lake, na wakati huo shida haiko kwenye fonti. Word kila ukibonyeza Enter inaongeza nafasi ya pointi 8 chini ya aya, na kati ya mistari pia inaachanisha kidogo. Stika ya milimita 38.1 ni pointi 108 tu. Kwa fonti ya 11 kila mstari ulioubonyezea Enter unakula kama pointi 22, mistari minne imeshafika 90, wa tano umezidi stika. Kwa hiyo chagua kila kitu, nenda kwenye Paragraph, Before weka 0, After weka 0, Line spacing weka Single. Ghafla utaona mistari sita inaenea na fonti hujaigusa. Ukimaliza hapo bonyeza tena "Update Labels" maana mabadiliko ya stika ya kwanza hayajifikishi yenyewe kwa wenzake.

Na yule mtoto mmoja au wawili ambao hata baada ya hapo jina halitoshi, usibadilishe karatasi nzima kwa ajili yao. Unganisha kwanza upate dokumenti ya mwisho ("Edit Individual Documents"), watafute, fonti yao peke yao ipunguze pointi moja.

Halafu usishangae mwishoni ukikuta ukurasa mmoja mtupu unatoka, na kama ni karatasi ya stika ndo imepita bure kwenye printa. Word haikubali tebo iwe kitu cha mwisho kwenye dokumenti, lazima iweke aya moja tupu chini yake, na ikikosa nafasi aya hiyo inahamia ukurasa mpya. Weka kishale hapo, fonti iwe 1, nafasi zote 0, itarudi.

Stika zisizo na namba

*Assalaam alaykum fundi. Nauza viungo hapa Unguja kwa watalii na wenyeji, karafuu, mdalasini, hiliki. Karatasi za stika naletewa kutoka Kariakoo, hazina jina wala namba, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki tu. Zina stika 24 zimegusana kila upande mpaka ukingoni mwa karatasi. Nimejaribu templeti za Word moja baada ya nyingine hakuna inayokubali, na hata nikikaribia, herufi za kwanza za upande wa kushoto hazitoki. — Kinamama wa viungo, Unguja*

Wa alaykum salaam kina mama. Acheni kubahatisha templeti, chukueni rula. Rula nzuri ya plastiki ngumu yenye milimita zinazosomeka, siyo ile tepu ya fundi cherehani, inavutika.

Kwenye Word, Mailings, Labels, Options, pale chini kuna "New Label". Kitafunguka kijidirisha kinauliza vipimo na kimoja kati ya hivyo ndicho kinachowapoteza watu, kinaitwa "pitch". Siyo urefu wa stika. Ni umbali kutoka ukingo wa juu wa stika moja mpaka ukingo wa juu wa stika inayofuata chini yake, yaani stika pamoja na nafasi iliyopo kati yao kama ipo. Cha ubavuni nacho hivyohivyo, kushoto ya hii mpaka kushoto ya jirani yake. Kwa stika zenu zilizogusana pitch na ukubwa wa stika vinakuwa sawa, ila siku mkinunua zenye nafasi katikati zitakuwa tofauti na mkiandika sawa mtaona zinateleza kidogokidogo.

Na msipime stika moja. Rula ya kawaida huwezi kusoma robo ya milimita, na robo ya milimita ukiirudia mara nane si robo tena. Weka sifuri kwenye ukingo wa juu wa stika ya kwanza, soma ukingo wa juu wa stika ya mwisho, gawanya kwa idadi ya hatua zilizopo katikati. Mistari 8 ina hatua 7. Mkisoma 259, gawanya kwa 7, mnapata 37 kamili. Ubavuni kolamu 3 zina hatua 2, mkisoma 140, ni 70. Sitashangaa mkipata hivyohivyo maana stika 24 za milimita 70 kwa 37 ni kipimo kimoja kinachouzwa sana kwenye A4. Mara 3 unapata 210, upana wote wa karatasi. Mara 8 unapata 296, inabaki milimita moja tu, nusu juu nusu chini. Kwa hiyo andikeni Top margin 0.05 cm, Side margin 0, Vertical pitch 3.7, Horizontal pitch 7, Label height 3.7, Label width 7, Number across 3, Number down 8, na Page size A4. Ipeni jina, kesho mtaikuta kwenye orodha. Word ikilalamika kwamba vipimo vinazidi karatasi ujue mahali fulani mmeongeza milimita, punguzeni mahali, isiwe kwenye pitch.

Hilo la herufi za kushoto kukatika ni lingine kabisa na vipimo havihusiki. Printa nyingi za kawaida haziwezi kuandika mpaka ukingoni, zinaacha kama milimita 3 mpaka 5 kila upande, wino haufiki. Stika yenu ya kolamu ya kwanza inaanzia ukingoni hasa, kwa hiyo maandishi yakianzia kushoto yanaangukia hapo. Dawa si kuhamisha tebo, dawa ni kuyasogeza maandishi ndani ya stika. Chagueni tebo yote, Layout, Cell Margins, kushoto na kulia wekeni 0.6 cm, halafu maandishi yakae katikati, katikati ya juu na chini pia. Yakiwa katikati mstari wa juu na wa chini kabisa navyo vinapona. Wakati wa kuprinti Word itaonya kwamba maeneo ya pembeni (margins) ni madogo mno, kubalini iendelee hivyohivyo, msikubali iyarekebishe yenyewe maana ikiyarekebisha imeshasogeza tebo yote.

Zote zimesogea kulia

*Fundi habari, duka la dawa Mwanza. Lebo zetu zote zinatoka zimesogea kulia milimita 3, juu mpaka chini, karatasi zote. Spesi nimetumia haisaidii. — Dukani, Mwanza*

Nzuri kaka. Hii ndo rahisi kuliko zote, inasogea sawa kwa hiyo kila kitu kiko sahihi isipokuwa mahali pa kuanzia. Kwanza angalia vile vibanio vya pembeni kwenye trei, visukume vibane karatasi bila kuikunja, mara nyingi hilo tu linatosha. Kama bado, nenda Layout, Margins, Custom Margins, ya kushoto ipunguze milimita 3. Kama ilikuwa 7.2 iwe 4.2. Usiguse pitch wala upana. Save faili kwa jina la printa hiyo, manake ukienda printa ya ofisi jirani nayo ina mwanzo wake na utaanza kulaumu Word.

Kila karatasi na yake

*Karatasi ya kwanza sawa, ya pili imepinda, ya tatu imeshuka. Faili ni lilelile. — Karani, Kigoma*

Hapo Word haihusiki hata kidogo, usiifungue. Karatasi za stika ni nene na zinateleza, rola inazishika vibaya au inachukua mbili. Zipepee kwanza zisigandane, ingiza moja moja kwenye trei ya mkono ile ya nyuma au ya pembeni ambayo karatasi inapita bila kujikunja sana, na kwenye aina ya karatasi chagua Labels badala ya Plain, printa ya leza itaenda polepole na moto utatosha tona ishike. Rola za zamani zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Na tafadhali, karatasi iliyokwishatolewa stika kadhaa usiirudishe kwenye printa ya leza ili umalizie zilizobaki. Najua inauma kutupa. Lakini pale palipobanduliwa stika ya jirani inaanza kunyanyuka, ikifika kwenye moto inabanduka na kugandia ndani, na bei ya kubadilisha hicho kifaa cha moto inanunua maboksi kadhaa ya stika mpya. Bora hizo zilizobaki uandike kwa peni.

Bila Word

*Natumia LibreOffice, Word sina hela ya kununua. Ina lebo? — Mwanafunzi, Arusha*

Inazo, tena mimi naipenda zaidi kwa hili. File, New, Labels. Kwenye kichupo cha Format utaandika vipimo vilevile tulivyowapa kina mama wa Unguja na vyote viko sehemu moja pamoja na ukubwa wa karatasi. Kwenye Options weka tiki "Synchronize contents", ukifungua dokumenti utarekebisha lebo ya kwanza tu juu kushoto, ubonyeze "Synchronize Labels" na nyingine zote zinafuata. Ukirekebisha ya pili au ya tatu ukabonyeza, kazi yako inafutika, hiyo ya kwanza ndo bosi.

Fremu ya dhahabu

*Fundi, natengeneza stika za zawadi za harusi hapa Dar, nimeweka fremu ya dhahabu kuzunguka kila stika pembeni kabisa. Vipimo vyote nimefuata, nimeprinti asilimia 100, lakini fremu upande mmoja nene upande mwingine nyembamba, bibi harusi amekataa. Nikaze nini? — Mpambaji, Dar es Salaam*

Usikaze kitu dada, ondoa fremu. Printa hata iwe nzuri namna gani karatasi inaweza kuingia na tofauti ya milimita moja, wakati mwingine mbili, huku au kule. Maandishi yakisogea milimita moja hakuna anayeona. Fremu iliyokaa milimita moja kutoka ukingoni ikisogea milimita moja, upande mmoja imetoweka upande mwingine imeongezeka maradufu, na jicho linaiona kabla hata ya kusoma majina ya maharusi.

Kama lazima dhahabu iwepo una njia mbili. Ya kwanza iingize fremu ndani, milimita 4 au 5 kutoka ukingoni, hapo tofauti ndogo inamezwa. Ya pili ambayo mimi ningeifanya, weka rangi ipite kabisa nje ya ukingo wa stika, ijaze hata ile nafasi kati ya stika na stika, halafu majina yakae katikati. Ikisogea huku ikisogea kule rangi bado imejaa. Ila hii inataka stika zenye nafasi kati yake, na kwa printa ya wino nunua stika za wino siyo za leza, zile za leza zinateleza na dhahabu yako itachafuka mkononi mwa mgeni wa kwanza. Printi moja, iache ikauke, kata, mpelekee bibi harusi aione kwanza ndo umalizie nyingine.